Mwandiko si Mchoro Mtupu

Imeenea katika vitabu vya sanaa, na katika maelezo yabandikwayo ukutani kwenye majumba ya maonyesho, itikadi moja ambayo kwa wingi wa kurudiwa imepata heshima ya ukweli. Itikadi hiyo husema kwamba mstari wa wino ni lugha ya watu wote. Kwamba mwandishi wa khati wa Kyoto au wa Baghdad na mchoraji wa New York hufanya kazi moja. Na kwamba maana ya neno lililoandikwa ni ganda tu, ambalo likitupwa, kiini cha sanaa huonekana kikiwa safi zaidi. Wenye itikadi hiyo huiona kuwa ni ukarimu: Mashariki na Magharibi zimekutana, na mpaka umeondolewa. Lakini ukarimu huo ni wa mtu agawaye mali isiyo yake. Umewadhulumu waandishi wa Mashariki, haukuwasaidia wachoraji wa Magharibi, na umewafunza wanafunzi wa sanaa kuridhika na nusu ya kitu.

Kwanza yapasa ieleweke mwandiko ni kitu gani kwa watu wenyewe waliouzaa. Katika Uchina mwanafunzi wa brashi tangu zamani hufunzwa kwa herufi isomwayo yong, ambayo maana yake ni milele. Herufi hiyo ina mipigo 8, na walimu husema kwamba mwenye kuimudu mipigo hiyo amekwisha pata msingi wa herufi nyingine zote. Kila mpigo una mahali pake pa kuanzia, upande wake wa kuelekea, na zamu yake. Wa pili hautangulii wa kwanza. Wino ukigusa karatasi hunywewa papo hapo. Hapana kufuta wala kutengeneza upya. Kwa sababu hiyo ajuaye kusoma, aitazamapo herufi iliyokwisha andikwa, huweza kuufuata mkono wa mwandishi hatua kwa hatua: hapa alikaza, hapa alilegeza, hapa brashi ilikaribia kukauka naye hakusimama. Huona mwendo wenye mwanzo na mwisho, kama asikiaye wimbo aujuao.

Waarabu nao, kwa kalamu ya tete badala ya brashi, walifika kwenye sheria kali vilevile. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyekufa mwaka 940, ndiye asifiwaye kwa kuipa khati mizani. Nukta iwekwayo kwa ncha ya kalamu ikawa kipimo. Urefu wa alifu ukahesabiwa kwa nukta. Na herufi nyingine zikapimwa kwa alifu na kwa duara ambalo alifu ni kipenyo chake. Waziri huyo alikatwa mkono wa kuume kwa fitina za siasa, lakini kanuni yake ilibaki. Tangu wakati huo mwandishi wa khati hupimwa kwa namna atembeavyo ndani ya kanuni bila kuonekana amefungwa.

Uzuri wa mwandiko, basi, huzaliwa kati ya mambo mawili yavutanayo: herufi ambayo ni mali ya watu wote waisomao, na mkono ambao ni wa mtu mmoja peke yake. Mfano wake mkubwa ni Dibaji ya Lanting iliyoandikwa na Wang Xizhi mwaka 353. Asili yake imepotea na hujulikana kwa nakala tu. Hata hivyo kwa karne nyingi imehesabiwa kuwa kilele cha mwandiko wa Kichina. Miongoni mwa sifa zake hutajwa hii: herufi isomwayo zhi imo humo kiasi cha mara 20, na kila mara imeandikwa kwa sura nyingine. Asiyejua kusoma huona maumbo 20 mazuri. Ajuaye huona neno lile lile likizaliwa upya kila lirudipo. Wa kwanza hakuona vibaya, lakini tendo lenyewe la sanaa limempita.

Sasa na waitwe mashahidi wa miaka ya 1950, maana katika miaka hiyo ndipo itikadi hii ilipokomaa. Mwaka 1951, mjini Kyoto, Morita Shiryu alianzisha jarida la Bokubi, yaani uzuri wa wino. Toleo lake la kwanza lilitolewa likiwa na picha ya Franz Kline, mchoraji wa New York, aliyekuwa ameanza kuchora mistari mipana kama boriti kwa rangi nyeusi na nyeupe. Januari 1952 Morita, Inoue Yuichi na wenzao watatu wakaunda chama cha Bokujinkai, jamaa wa wino. Walitaka kuutoa mwandiko katika kifungo cha kuiga mabwana wa kale, na wakadhani kwamba wamepata ng'ambo wenzi wa safari. Wakaandikiana barua na wageni, wakachapa picha zao bega kwa bega na kazi za Kijapani, na katika jarida lao wakatenga sehemu ya majaribio yasiyo na herufi kabisa. Mwaka 1954 jumba la Museum of Modern Art la New York likafanya maonyesho ya mwandiko wa Kijapani. Mlango wa mazungumzo ulifunguliwa, na Kyoto haikungoja kubishiwa hodi.

Jawabu la upande wa pili lilikuwaje? Mwaka 1955 Clement Greenberg, mhakiki aliyesikilizwa mno katika New York, aliandika kwamba hapana hata mmoja kati ya waanzilishi wa uchoraji mpya wa Marekani, na Kline chini ya wote, aliyeijali sanaa ya Mashariki zaidi ya kuitupia jicho. Kline mwenyewe, aliyeupokea vyema urafiki wa Wajapani mwanzoni, alikana baadaye kwamba picha zake ni mwandiko. Alieleza kwamba yeye huchora weupe sawasawa na weusi, wala hatii alama nyeusi juu ya turubai jeupe.

Katika kueleza kazi yake Kline alikuwa na haki, na maelezo yake yatosha kuiangusha itikadi ya mstari mmoja wa watu wote. Aziangaliaye picha zake kwa karibu huona rangi nyeupe imepanda juu ya nyeusi, kingo zimerekebishwa, na mstari uonekanao kama umepigwa kwa pumzi moja umejengwa kwa kurudiwarudiwa. Nyingi alizikuza kutoka michoro midogo aliyoifanya kwanza. Haya yote ni halali kwa mchoraji, na yote ni haramu kwa mwandishi wa brashi, ambaye mpigo wake ukikosea herufi nzima imeharibika. Kazi hizi mbili hufanana machoni kama nazi na kifuu chake zifananavyo kwa mbali gizani; mkono ukizishika hutambua.

Lakini Greenberg hakuwa akitetea tofauti ya kazi. Alikuwa akifuta deni. Mark Tobey alifunzwa brashi mjini Seattle katika miaka ya 1920 na msanii wa Kichina, Teng Kuei. Mwaka 1934 alisafiri Uchina na Japani, akakaa katika nyumba ya watawa wa Zen mjini Kyoto. Na mwaka 1935 akaanza ule uchoraji wa nyuzi nyembamba za rangi nyeupe ulioitwa mwandiko mweupe. Hakuwaficha waliomfunza. Mwaka 1958 alipewa zawadi kubwa ya kimataifa ya uchoraji katika maonyesho ya Venice. Pamoja na hayo, katika hadithi ambayo New York ilijisimulia juu ya miaka hiyo, Tobey amewekwa barazani, na Wajapani hawakupata hata baraza.

Matokeo yake yalikuwa mtego wenye meno pande zote mbili. Mwandishi wa Kijapani aliyeshika herufi aliitwa fundi wa mapokeo, mtu wa jana. Aliyeiacha herufi aliitwa mwigaji wa Wamarekani, mtu aliyechelewa. Mchoraji wa New York akipiga mstari mweusi amevumbua. Mwandishi wa Kyoto akipiga mstari kama huo, ama amerithi ama ameiga. Hukumu ya namna hii haishindwi, kwa sababu imetolewa kabla ya mashitaka kusikilizwa. Nayo yakaa juu ya itikadi ile ile: ikiwa neno ni ganda, basi waliomenya ganda kwanza ndio walio mbele, na walioshika neno kwa karne nyingi walikuwa wamelala.

Inoue Yuichi aliujua mtego huo kwa mkono wake. Katikati ya miaka ya 1950 alizitupa herufi, akapiga mistari mitupu kwa rangi ya enameli. Hakudumu huko. Alirudi kwenye herufi, na mwaka 1956 akaandika kazi iitwayo Gutetsu, herufi mbili zenye maana ya ujinga uliopenya mpaka mwisho. Nayo ilionyeshwa São Paulo mwaka 1957. Toka hapo mpaka kufa kwake mwaka 1985, mwalimu huyu wa shule aliandika herufi kubwa moja moja kwa brashi nzito, na mojawapo ambayo hakuacha kuirudia ni hin, umaskini. Morita naye alishika kwamba mwandiko ukikosa herufi si mwandiko tena. Watetezi wa mstari mtupu wana wajibu wa kueleza kwa nini watu waliokwisha onja uhuru wao waliuacha. Hawawezi kusema kwamba Inoue aliogopa, maana kazi zake za baada ya kurudi ni za ujasiri kuliko za kabla.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1945, ndege za Marekani zilipoichoma Tokyo kwa mabomu ya moto, Inoue alikuwa katika shule ya Yokokawa alikofundisha. Watu wengi waliokimbilia shuleni humo walikufa, yeye aliokoka. Mwaka 1978, miaka 33 baadaye, aliuandika usiku ule kwa wino: herufi zimebanana, zimegongana, nyingine zimevimba, nyingine zimekonda kama zinatafuta pa kutokea. Mtazamaji aliyefunzwa itikadi ya mstari akisimama mbele ya ukurasa huo atasema ameona nguvu, mwendo na ghasia ipendezayo. Ghasia ipendezayo! Kilichoandikwa pale ni habari za watu waliochomwa moto. Je, maana hiyo nayo ni ganda? Na atakayejibu kwamba ndiyo, asema hivyo kwa ajili ya sanaa au kwa ajili ya raha yake?

Wako watakaomtaja Xu Bing kuwa shahidi wa kinyume. Kati ya mwaka 1987 na 1991 msanii huyu wa Kichina alichonga kwa mkono, katika vipande vya mbao, herufi zipatazo 4000 alizozibuni mwenyewe, akapiga kwazo chapa za vitabu na karatasi ndefu kwa taratibu zote za uchapaji wa kale. Hapana hata herufi moja isomekayo. Kwa haraka mtu aweza kudhani kwamba hapa neno limeshindwa na umbo limetawala. Lakini na aulizwe, kazi hii yamgusa nani? Mgeni asiyejua Kichina huiona kama aonavyo kitabu kingine chochote cha Kichina. Hakunyimwa kitu, kwa kuwa hakuwa na kitu. Msomaji wa Beijing, ilipoonyeshwa huko mwaka 1988, ndiye aliyesimama mbele ya maelfu ya herufi zenye sura ya kwao na kukuta kila moja imefunga mlango. Mshtuko huo wahitaji mtu anayeishi kwa kusoma. Kadhalika Qiu Zhijie, ambaye kati ya mwaka 1990 na 1995 aliinakili Dibaji ya Lanting mara 1000 juu ya karatasi ile ile mpaka ikawa nyeusi tititi: asiyejua ni nini kilichozikwa humo ataona karatasi nyeusi tu.

Mambo hayako tofauti upande wa khati ya Kiarabu. Ibrahim el-Salahi, aliyezaliwa Omdurman mwaka 1930, alijifunza herufi akiwa mtoto katika chuo cha Kurani cha babake. Alisoma uchoraji Slade School, London, kuanzia mwaka 1954 hadi 1957, akarudi Khartoum, akaonyesha picha alizozileta, na watu wake hawakuona la kuwahusu. Badala ya kuwalaumu alitembea nchini akitazama vitu ambavyo watu huvipenda na kuvitundika majumbani mwao, akakuta maandishi na mapambo. Akaanza kutia herufi ndogo pembeni mwa picha, kisha akazikuza, kisha akazivunja; na katika vipande vyake zikatokea nyuso, pembe na ndege. Wahakiki wa Ulaya hupenda kusema kwamba hapo aliikomboa herufi kutoka katika maana. Kauli hiyo ni ya haraka. Mtu avunjaye nyumba aliyolelewa ndani yake ajua kila chumba kilikuwa cha nini, na sura zilizotoka katika herufi zake zilitoka kwa mtu aliyezisoma kwa sauti kabla ya kuzichora. Osman Waqialla, mwenzake wa Sudan, aliijua khati kwa kuisomea Cairo. Hawa si watu waliokimbia neno. Waliingia ndani yake mpaka upande wa pili.

Yafaa hoja ya wapinzani isikilizwe kwa haki. Husema kwamba hata huko Mashariki kwenyewe mwandiko wa mbio wa Kichina huwashinda wasomaji wengi, na kwamba khati ya Kiarabu iliyosukwa katika umbo la duara au la ndege husomwa kwa taabu. Basi watu hao pia hupendezwa na mistari bila kusoma. Ni kweli. Lakini kugumu kusomeka ni mbali na kutokuwa na la kusoma. Msomaji ambaye neno limemshinda ajua kwamba limo. Hulitafuta, huuliza, hukisia, na utafutaji huo ni sehemu ya furaha yake. Husema pia kwamba mgeni hawezi kukatazwa kupenda alichokiona. Wala hakatazwi. Mgeni anunuaye kanga kwa rangi zake hakosei kuona rangi. Lakini akirudi kwao akatunga kitabu kusema kwamba maneno ya kanga ni pambo la ziada, wanawake wa pwani watamcheka, maana wao huanza kwa kusoma jina, na kwa jina hilo mtu hupendwa, hushukuriwa au hupigwa kijembe.

Wala haisemwi hapa kwamba mchoraji wa Magharibi asiyejua herufi hana haki ya kujifunza kwa mwandiko. Brice Marden, aliyekufa mwaka 2023, aliona maonyesho ya mwandiko wa Kijapani mjini New York mwaka 1984, akayasoma mashairi ya Han Shan kwa tafsiri yenye Kichina kando yake. Kati ya mwaka 1988 na 1991 alichora picha kubwa akizipanga alama zake kwa safu zishukazo, kuanzia kuume, kama shairi la Kichina lipangwavyo, kisha akaziunganisha safu hizo kwa mistari mpaka zikawa wavu mmoja. Hakudai kwamba anaandika. Picha zenyewe alizipa jina la mshairi, Cold Mountain, ili kila mwenye kuuliza ajue zimetoka wapi. Huo ndio uungwana utakiwao: mtu akope, ataje aliyemkopesha, wala asiseme kwamba alichokikopa kilikuwa kimetupwa.

Jambo hili si la Kyoto na New York peke yake, wala msomaji wa Kiswahili hawezi kulitazama kama ugomvi wa jirani. Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yako maandishi ya Kikufi yaliyochongwa, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Tendi, barua na hesabu za biashara ziliandikwa hivyo, na hati zake nyingi zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ya SOAS, London. Kuzisoma ni kazi. Katika mwandiko wa zamani herufi moja, be, yaweza kusimama mahali pa b, pa p au pa mb, na ni ujuzi wa lugha peke yake uamuao. Wasomi wa Kiswahili wawezao kuifanya kazi hiyo ni wachache. Wengine wote, wakionyeshwa ukurasa wa utenzi, husimama mahali pale pale asimamapo mgeni mbele ya ukurasa wa Inoue: husifu wino mwekundu wa vituo, husifu usawa wa mistari, kisha hupita.

Hati isiyosomwa na wenyewe haikawii kugeuka picha, na picha haikawii kununuliwa. Itakapofika hapo, atakuja mtu na itikadi ya ganda na kiini, aseme kwamba maneno yake hayana haja, na hatakuwapo wa kumkanusha. Kwa hiyo mwanafunzi wa sanaa atakaye kutoa hukumu juu ya mwandiko wa watu wowote, wa Uchina, wa Sudan au wa Lamu, anapaswa kwanza kukaa chini na kujifunza herufi zao, au angalau kumtafuta azijuaye na kumwomba amsomee. Kazi hiyo huchukua miaka. Mwandishi wa brashi naye huchukua miaka kabla hajaruhusiwa kuandika herufi moja mbele ya watu, na hapana aliyewahi kusema kwamba muda huo ulipotea.